Karatasi ya Lang'ata

Jumatatu, 17 Machi 1975

Mvua imeingia ofisini kabla ya mteja yeyote. Mimi ninaita ofisi. Kaka yangu Kiragu anaita kibanda. Ni chumba cha mabati pembeni mwa ploti yake hapa Kabiro, Kawangware, na ndani yake mna mashine ya kuchapa inayokanyagwa kwa mguu, kabati la herufi za risasi na meza hii. Mlangoni pameandikwa WAMUYU WACHAPISHAJI. Wachapishaji wenyewe ni mimi na Shiundu, mpanga herufi, ambaye hutembea kutoka Kibera kila asubuhi na hulalamika kwamba waliotengeneza herufi zetu walidhani ulimwengu mzima unaandika Kiingereza, ndiyo maana k zinatuishia katikati ya ukurasa.

Rimu nzima ya karatasi imelowa. Shiundu amezianika kwenye kamba, mojamoja, kama nepi.

Saa saba mkewe Jentrix alimletea chakula, mtoto wao Shivachi akiwa mgongoni. Jentrix huuza mboga kando ya reli. Alizitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Mwalimu, sasa mmefungua dobi?"

"Tumefungua. Lete shuka zako."

"Ziandikwe yale matusi unayomchapia chifu? Asante, tutalalia chafu."

Shule iliachana nami miaka mingi iliyopita kwa sababu ya mdomo wangu, lakini watu hawa bado wananiita Mwalimu.

Jumamosi, 22 Machi

Shiundu anasema huko Kibera mtu anaamka mzima, anaharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, na jioni ni maiti. Redio inasema kuna "ugonjwa wa tumbo". Tumbo ni kiungo. Hakuna anayekufa kwa ugonjwa wa goti au ugonjwa wa sikio. Huu una jina, kipindupindu, na nimeufuata magazetini tangu mwaka 1961 ulipotoka visiwa vya Asia na kuzunguka dunia bandari kwa bandari. Umefika hapa na wakubwa wanaona haya kuutaja, kana kwamba ni mgeni aliyekuja bila suruali.

Jumanne, 25 Machi

Mwenye duka la vitabu mjini amerudisha sanduku zima la vitabu vyetu vya hesabu. Mjumbe wake aliliweka mlangoni, akarudi nyuma hatua kadhaa. "Wateja wameuliza vinachapwa wapi. Tukawaambia." Hata jedwali la kuzidisha la Kawangware sasa linaambukiza.

Ijumaa Kuu, 28 Machi

Nimeamua. Ikiwa hakuna anayenunua vitabu, nitachapa karatasi moja kila Ijumaa, upande mmoja, lugha nyepesi. Juu: chemsha maji, osha mikono, mpe mgonjwa maji yenye chumvi na sukari, mkimbize hospitali. Chini: waliokufa wiki hiyo, jina na ugonjwa. Kila aliyekufa, bila kumficha yeyote. Mtu hawezi kuogopa "tumbo", lakini ataogopa jina la jirani aliyemkopesha kiberiti juzi.

Shiundu aliniuliza, "Majina yote, Mwalimu?"

"Yote."

"Hata kama wenyewe hawataki?"

"Hasa kama hawataki."

Alirudi kwenye kabati lake.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua. Karatasi za kwanza zilikwisha kabla ya adhuhuri. Tumechapa tena.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimesoma kwamba zaidi ya miaka mia iliyopita, katika mji wa Wazungu, daktari mmoja aling'oa mpini wa pampu ya maji na ugonjwa huuhuu ukapungua mtaani. Kwa hiyo jana niliandika kuhusu kisima cha Kiragu. Kiko chini ya mteremko, na juu ya mteremko kuna vyoo vyake vya wapangaji. Anauza maji kwa debe. Niliandika jina lake lote, Ephantus Kiragu, na kwamba tumenyonya titi moja.

Alikuja leo na buti za mpira zimejaa matope, amekunja karatasi yangu mkononi.

"Wamuyu, hii ni nini?"

"Ni Kiswahili. Usomewe?"

"Baba alichimba hicho kisima."

"Baba alikichimba palipokuwa na ng'ombe watatu. Wewe umejaza watu mia mbili na vyoo viwili."

"Na hiki kibanda kiko juu ya ardhi ya nani?"

"Bomoa. Nitachapia kanisani, uwe unanisikia Jumapili pia."

Alisimama akipumua kwa pua kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo, kisha akaenda. Hakubomoa. Kisima nacho hakukifunga. Nimemwandika tena kwa Ijumaa ijayo.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimemkatalia mjane.

Nieleze kwanza. Munyao, Bwana Afya wetu, huzunguka kwa baiskeli na ndoo ya chokaa. Amri aliyopewa ni hii: aliyekufa kwa kipindupindu azikwe makaburi ya Lang'ata siku hiyohiyo, jeneza limefungwa, hakuna matanga, hakuna safari. Watu waliotoka Magharibi ya Kenya wanamficha. Wanasema marehemu alikuwa na malaria, wanapata kibali, wanachanga nauli, wanamsafirisha kwao. Munyao hana namna ya kujua, kwa hivyo anasoma karatasi yangu. Jina likitoka kwangu na neno kipindupindu mbele yake, kibali hakuna. Huko Kibera wameshaipa jina: karatasi ya Lang'ata.

Lenah ni jirani yake Shiundu. Mumewe Wekulo alikuwa fundi wa viatu. Alikuja kabla hatujaanza kuchapa, akapiga magoti hapa kwenye saruji.

"Mwalimu, mruke huyu mmoja tu. Weka mwingine."

"Mama, amka. Huyo mwingine nitamtoa wapi?"

"Andika malaria."

"Wekulo hakuwa na malaria. Mkimpeleka, mtamwosha, mtamlaza mbele ya nyumba, watu watamshika na kula papo hapo. Mtazika kumi."

"Nyinyi baba zenu wamelala hapo nyuma ya jikoni," alisema, na hakuwa analia tena. "Ukiamka asubuhi unamsalimia baba yako ukienda choo. Wangu atarudi nyumbani aje? Kwa basi gani, akiwa Lang'ata?"

Nilimwambia wafu hawapandi basi. Nilisema hivyo. Shiundu alikuwa amenipa mgongo, anapanga. Jina la Wekulo lilichapwa, na jioni Munyao alikuwa na chokaa yake Lang'ata.

Sijutii. Ninaandika tu kwamba ilikuwa hivyo.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua haijakoma tangu Jumapili. Wino haukauki. Wazee wa kanisa moja walikuja kuomba kama yule mjane, wakaondoka kama yule mjane.

Jumatatu, 21 Aprili

Wachuuzi wawili wamerudisha karatasi zao. Mmoja alimwagiwa maji machafu. Shiundu sasa ndiye anayeniletea majina kutoka Kibera, kwa sababu mimi nikiingia kule milango inafungwa. Nilimuuliza kama wanamsumbua.

"Wananiita mchimba kaburi," alisema. "Lakini nimezoea. Wewe wanakuita nini, hutaki kujua."

"Nataka."

"Hutaki, Mwalimu."

Ijumaa, 25 Aprili

Majina wiki hii ni machache kuliko wiki iliyopita. Munyao aliingia kujikinga mvua. "Madam," alisema, "hii karatasi yako imenifanyia kazi kuliko chokaa. Mimi naulizwa na kila mtu na wote wananidanganya. Wewe sijawahi kukupata na uongo." Nilimpa chai. Nilifurahi siku nzima kama mtoto aliyesifiwa darasani.

Jumatatu, 5 Mei

Shiundu hajaja. Hajawahi kukosa.

Jumanne, 6 Mei

Jentrix amekufa.

Alianza Jumapili usiku. Shiundu alimpa maji ya chumvi na sukari kama karatasi yetu inavyosema, akambeba asubuhi hadi barabarani, mvua inanyesha, na gari lililokubali kumbeba lilipatikana jua likiwa juu. Walimwekea maji ya mshipani hospitalini lakini mshipa wenyewe ulikuwa umekwisha kulala. Hayo yote alinieleza akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama anayeomba kazi. Jentrix bado yuko chumba cha maiti. Karatasi ya hospitali inasema "kuharisha", neno ambalo mtu anaweza kulisoma anavyotaka.

Nilimwambia aketi. Hakuketi.

Kiragu alitokea nyuma yake. Sijui nani alimwambia. Hakunitazama hata kidogo.

"Shiundu," alisema, "pole. Pale kwa ndizi, baba yangu amelala. Pembeni yake kuna nafasi. Mlete mama ya mtoto leo. Nitachimba mimi mwenyewe."

Yeyote atakayesoma haya na si wa kwetu lazima aelewe. Kwetu kaburi ni hati ya shamba. Ukimzika mtu kwenye ardhi yako, watoto wake wana neno la kusema juu ya ardhi hiyo mpaka mwisho wa dunia. Tulipigana kesi na binamu zetu miaka saba kwa ajili ya makaburi mawili. Na Kiragu anampa mpanga herufi mmoja, Mluhya, bila shahidi.

Na mimi nilisema nini? Nilisema, mbele ya mtu ambaye mkewe alikuwa bado hajapoa:

"Anakununua, Shiundu. Nimeandika kisima chake wiki tano. Sasa anataka kukifunika kwa kaburi, ili kesho aseme, 'Ningekuwa mbaya ningewapa ardhi?'"

Kiragu alinitazama hapo. Kisha akavaa kofia yake, akatoka kwenye mvua.

Shiundu alisema polepole, "Hata bila hivyo, Mwalimu. Mke huzikwa kwa bwana yake. Nimejenga nyumba kule kwetu. Hajalala ndani yake hata siku moja."

Kisha akasema lile alilokuja kusema.

"Hii wiki, jina lake lisitoke. Na unichapie tangazo la mazishi, kadi tu, ya kubeba njiani. Uandike kifua."

Jumatano, 7 Mei

Nimekubali.

Nitaandika sababu zangu zikiwa bado moto. Karatasi ni yangu na kanuni niliitunga mimi. Aliyetunga anaweza kutengua. Ugonjwa unapungua. Shiundu anajua kila tahadhari kwa sababu alizipanga herufi kwa herufi. Hatafungua jeneza, ameniapia. Ninamjua Jentrix. Siwezi kumwona kwenye shimo lenye chokaa. Na Kiragu asipate faida ya maiti yake.

Ninazisoma tena na zinasimama vizuri. Nimewahi kushinda mabishano kwa sababu dhaifu kuliko hizi.

Niliiandika kadi mwenyewe: "ameitwa na Bwana baada ya kuugua kifua". Shiundu aliipanga. Niliweka mpaka mweusi mzuri, na chini jina la kampuni, kama tunavyofanya kwa kila kazi.

Munyao alikuja kabla ya jua kuzama.

"Madam, mke wa Shiundu alikuwa na nini? Hospitali wameandika kama wanaficha."

"Kifua."

"Una hakika?"

"Munyao, nimewahi kukudanganya?"

Alicheka kidogo kwa aibu, akaweka kibali juu ya ndoo yake ya chokaa, akatia sahihi.

Alhamisi, 8 Mei

Waliondoka Kibera na pikapu ya kukodi, jeneza nyuma chini ya turubai. Shivachi alikuwa mapajani mwa baba yake, anacheza na kitasa cha dirisha. Lenah hakutoka nje kuwaaga, na sikumwona popote.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepanga ukurasa mwenyewe. Makosa mengi. Majina manne.

Jumatano, 14 Mei

Mvua nyembamba.

Jumanne, 20 Mei

Asubuhi nilisikia mawe yakigonga maji. Nilitoka. Kiragu alikuwa peke yake kisimani, shati amevua, anasukuma mawe ndani kwa toroli. Mtu wa miaka hamsini na tano.

"Umesoma karatasi yangu hatimaye," nilisema.

Hakusimama. "Sijafunga kwa sababu yako."

"Kwa sababu ya nani?"

Alimwaga toroli. Mawe yalichukua muda kutulia mle chini.

"Ile Jumamosi mke wa Shiundu alipoleta chakula, kabla hajaugua. Wewe ulikuwa umeenda kutafuta karatasi. Shiundu hana maji ya kunywa pale kwako, mkewe akaniomba. Nikamchotea kikombe. Akanywa, akaniambia, 'Mzee, maji yako ni matamu kuliko dada yako.'" Alijipangusa uso kwa mkono wa matope. "Tulicheka. Mimi ndiye nilimpa, Wamuyu. Kwa mkono wangu."

Ilikuwa sauti yake Jentrix kabisa. Hata kama ningekuwa sijui habari, ningeijua sentensi hiyo.

Kwa hiyo lile shimo kwa ndizi halikuwa hongo. Kiragu hakuwa ananunua mtu. Alikuwa anajaribu kulipa kwa kitu alichokithamini kuliko vyote. Na Jentrix angekuwa amezikwa pale siku hiyohiyo, kimya, pembeni ya baba, bila mtu wa kumwosha wala kula chakula cha matanga yake. Pengine Shiundu angekataa hata hivyo. Pengine. Sikumwacha ajaribu kukubali.

Nilichukua jiwe. Tulijaza kisima mpaka adhuhuri.

Jumatano, 28 Mei

Hakuna habari za Shiundu. Alisema angerudi ndani ya wiki mbili. Wiki hii hatuna jina hata moja. Munyao anasema huku Nairobi ugonjwa umekwisha. Nilipaswa kufurahi.

Jumapili, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Ngoma shuleni. Nilikaa ndani nikasafisha kabati la herufi, ambalo halikuwa chafu.

Ijumaa, 6 Juni

Shiundu alirudi asubuhi. Sikumtambua kwa kimo; amekuwa mfupi. Alikuwa peke yake.

Niliuliza, "Shivachi umemwachia bibi yake?"

"Ndiyo," alisema. "Wako pamoja."

Akaketi safari hii. Alieleza akitazama mashine, na sikumkatiza hata mara moja, jambo ambalo sijui nilijifunza lini.

Aliwaambia wasifungue jeneza. Mama yake alimuuliza, kwani alikufa na nini? Akasema kifua. Basi kifua kinakatazaje mkwe wangu aoshwe? Wanawake walimwosha, wakamvalisha, wakamlaza mbele ya ile nyumba mpya. Watu walikuja kutoka vilima vyote. Walikula. Walilala hapo. Siku chache baadaye mama yake alianza, kisha Shivachi, kisha boma la jirani lote.

"Bwana Afya wa kule alikuja kwa pikipiki," alisema Shiundu. "Akatuuliza, huu ugonjwa umetoka wapi, kuna mtu amekuja kutoka Nairobi? Mjomba akamtolea ile kadi. Akasoma. Akasema, imechapishwa vizuri, hawa wanaandika ukweli, kule mjini karatasi yao inajulikana. Basi ni kifua, huu ni kitu kingine, labda chakula. Akaenda. Alirudi baada ya wiki. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshavuka mto."

Mvua imekwisha. Nje kulikuwa na jua la baridi lile la Juni, na mwanamke anapepeta maharagwe.

"Lenah alipiga magoti hapo," alisema. "Nilisikia yote, nilikuwa napanga. Wale wazee wa kanisa pia. Wote uliwaambia hapana. Mimi, Mwalimu, kwa nini uliniambia sawa?"

Nimejibu wachungaji. Nimejibu mawaziri kwa vijitabu ambavyo havikusomwa na mawaziri. Nilifungua mdomo.

"Kwa sababu wewe ni..."

Alingoja.

"Mimi ni nani?" aliuliza. Alitaka kujua kweli.

Alivua koti, akalitundika msumarini, akanawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko. Akaenda kwenye kabati.

"Leo ni Ijumaa," alisema. "Taja majina."

Nilitaja Jentrix. Nilitaja ugonjwa wake. Alipanga. Nilitaja mama yake Shiundu, naye akapanga, na watu wa boma la jirani, kila mmoja alinitajia yeye mwenyewe kisha mimi nikamrudishia. Mwishoni vidole vyake vilisimama juu ya kabati, na chombo cha kupangia akaninyooshea mimi.

"Hilo lipange wewe."

Niliinuka. Nilipanga Shivachi, herufi kwa herufi, kinyumenyume kama inavyotakiwa, na ugonjwa. Kisha chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, nikapanga jina langu, na kwamba kadi ilisema uongo, na kwamba mwandishi wake alikuwa anajua. Shiundu aliusoma mstari huo wote akiwa ameinama, akakaza fremu, akapanda kwenye mashine na kuanza kukanyaga.